Dola ya Mudomo

Nilipopigiwa simu kwamba Maman Vénantie amefariki, jambo la kwanza nililofanya ni kushuku. Namba sikuijua. Sauti ya mwanamke ilisema, "Nabintu, maman ametuacha hii asubui," nami badala ya kulia nikamuuliza ni maman yupi, wa mtaa gani, na nani aliyempa namba yangu. Msinihukumu upesi. Siku hizi hapa Bukavu kuna watu wanaochangisha pesa za jeneza la mtu ambaye bado anauza dagaa wa sambaza sokoni, mzima wa afya. Lakini aliyepiga alikuwa Aline, binti mkubwa wa marehemu, na hakuniomba kitu. Alinitajia saa ya misa, akakata. Nikabaki nimekaa kitandani, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, nikijionea aibu.

Kilioni nilikaa nyuma, chini ya turubai, karibu na masufuria. Kwaya ya parokia iliimba, wajukuu waligawa chai, na katekista akasema marehemu alikuwa mtu wa haki. Hapo ndipo bibi mmoja aliyekaa mbele yangu, ambaye simjui wala hanijui, alipomwinamia mwenzake akanong'ona, "Wa haki? Si njo ule alikulaka franga ya coopérative kule Kadutu?" Mwenzake akaguna, akanywa chai yake. Miaka yote hiyo imepita, maiti iko ndani ya nyumba, na doa bado lipo palepale. Ningeweza kumgusa bega bibi yule nikamwambia ukweli, maana kati ya watu wote waliokuwa pale mimi ndiye niliyeujua, na mimi ndiye niliyelitia doa hilo. Sikumgusa. Niliitazama chai yangu mpaka ikapoa. Ndiyo sababu naandika sura hii, na ndani yake nitausimulia mwaka mmoja tu. Habari za wazazi wangu na kuzaliwa kwangu nawaachia wenye subira.

Mwaka ule nilikuwa msichana mwenye diploma na kiburi cha kuwatosha watu wawili. Ushirika wa akiba ulionipa kazi, ile coopérative ya bibi wa kilioni, ulikuwa na vyumba viwili juu ya duka la mabati na misumari, mtaa wa Kadutu, na ngazi yake ya mbao ililia kila mtu alipopanda, hivyo hakuna aliyeweza kukujia bila wewe kujua. Jambo hilo nililipenda tangu siku ya kwanza. Chumba cha mbele kilikuwa na dirisha la vyuma ambapo wanachama walipokelewa: wauza unga wa muhogo, wauza maharage, wanawake waliovuka ziwa kutoka Kalehe na samaki wao, wake za wachimba dhahabu wa Luhwindja. Dirishani alikaa Maman Vénantie, caissière wetu, mwanamke mnene wa makamo ambaye miwani yake ilishikiliwa na uzi mweusi. Yeye ndiye aliyepokea pesa na kuzitoa. Mimi nilikaa hatua tatu nyuma yake, mbele ya kompyuta mpya ambayo sote tuliiita mashine, kazi yangu ikiwa kuingiza humo kila kilichopita dirishani. Chumba cha nyuma kilikuwa cha Papa Norbert, gérant wetu, yaani meneja, na humo ndimo lilimokuwa sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Ufunguo mmoja alikuwa nao yeye, wa pili Maman Vénantie, wa tatu mwenyekiti wa komite, mama muuza maharage aliyekuwa na meza yake mbele ya duka la mabati. Asubuhi walilifungua pamoja, jioni wakalifunga pamoja, kila mmoja akimtazama mwenzake mikono. Nilijiona nimefika mahali pa watu wenye akili kama yangu.

Mashine ililetwa na Serge, shemeji yake Papa Norbert, kijana aliyevaa viatu vyeupe katika mji wa matope. Viatu hivyo pekee vilitosha kunifanya nimshuku, lakini alinifundisha kazi bila kunigombeza na alinukia vizuri, nikamsamehe. Alikuwa ametengeneza daftari kubwa la ndani ya mashine, lenye jina la kila mwanachama na akiba yake, na alisema kuanzia sasa hakuna senti itakayopotea.

Mgeni asiyejua jinsi tunavyotaja pesa hapa kwetu atapotea, kwa hiyo nieleze. Kodi ya nyumba, mahari, ng'ombe, karo ya shule, vyote hutajwa kwa dola. Lakini mkononi watu wengi wana franga, noti za Kongo zilizochoka mpaka zinanuka samaki. Mwanamke hufika dirishani akasema, "Ninaleta dola makumi tano," kisha akafungua fundo la kitenge na kutoa rundo la franga, na hakuna anayemwona mwongo. Kati ya dola anayoitaja na franga anazotoa kuna taux, yaani bei ya dola ya siku hiyo, ambayo wabadilisha pesa wa Nyawera huamka nayo kila asubuhi. Sasa, daftari la Serge lilikuwa na safu moja tu ya kiasi, na safu hiyo ilikuwa ya dola. Mtu akileta franga elfu thelathini siku ambayo dola ni mia sita, mimi niliandika hizo franga, mashine ikagawa, ikaweka dola hamsini. Basi. Haikuweka popote kwamba mtu huyo alileta franga, wala kwamba taux ilikuwa mia sita. Mimi niliuona huo ni usafi mkubwa. Maman Vénantie hakuupenda. Aliendelea kuandika kwa kalamu kwenye daftari lake la shule, kila mtu na alicholeta, na Papa Norbert alipomwambia kwamba daftari limepitwa na wakati alijibu, "Ndiyo, papa," akalifunga, na mzee alipotoka akalifungua tena.

Saa sita mchana tulikula pamoja kwenye kona, juu ya meza ya karatasi chakavu. Yeye alileta bugali kwenye kitambaa, na sambaza, au mchicha wa lenga-lenga siku ambazo sambaza zilikuwa ghali. Mimi miezi mitatu ya kwanza sikuleta kitu, kwa sababu mshahara wangu ulichelewa na nilikuwa naona haya kusema. Hakuniuliza. Aliukata bugali wake katikati na kunisogezea nusu. "Kula, mutoto. Tumbo yenye iko tupu haihesabu muzuri." Nilikula. Na nilipokuwa nakula nilivitazama vidole vyake, maana tayari kulikuwa na jambo.

Jambo lenyewe lilijitokeza Jumamosi, siku ya kulinganisha. Tulihesabu dola za sandukuni, tukahesabu franga, tukazigeuza dola kwa taux ya siku hiyo, tukaangalia kama jumla inalingana na ya mashine. Jumamosi ya kwanza zilikosekana dola tisa. Papa Norbert akasema ni makosa ya uanafunzi. Jumamosi iliyofuata zilikosekana ishirini na mbili, na baada ya mwezi sitini. Nje, sokoni, watu walilia kwamba dola inapanda na unga unapanda nayo. Tuliwasikia kupitia dirishani kutwa nzima, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba kilio kile kinatuhusu sisi na sanduku letu. Papa Norbert aliniita chumbani kwake, akafunga mlango. "Nabintu, weye uko na macho," akaniambia. "Angalia." Hakusema nimwangalie nani, lakini mtu aliyegusa noti alikuwa mmoja.

Basi nikaangalia. Na mwenye kutafuta ubaya haukosi. Siku moja alikuja mama wa Kalehe, muuza samaki, kuchukua akiba yake kwa sababu mtoto wake alikuwa amelazwa. Nilifungua jina lake kwenye mashine: dola hamsini. Siku hiyo dola ilikuwa imefika mia saba na hamsini, kwa hiyo kwa hesabu ya mashine alistahili franga elfu thelathini na saba na mia tano. Maman Vénantie hakuniuliza mashine inasemaje. Alilamba kidole, akafunua daftari lake, akamwinamia mteja kwenye vyuma. Nikatega sikio.

"Mama, dola iko mbili. Iko ya mudomo, iko na ya mukono. Hii ya mudomo tuache ikae kwa machine. Miye nitakupa ya mukono."

"Ni sawa, maman. Unipe tu ile."

"Trente mille. Hesabu."

Mama wa Kalehe akahesabu elfu thelathini zake, akashukuru, ngazi ikalia, akaenda zake. Franga elfu saba na mia tano zilikuwa zimebaki upande wetu wa dirisha. Nilihisi, niseme kweli, raha kidogo. Dola ya mudomo! Niliamini nimeshika lugha ya wezi. Nikachukua karatasi, nikaandika siku, saa, jina la mteja na maneno yale neno kwa neno, nikaikunja ndani ya soksi. Nusu saa baadaye akanikatia bugali, nikala.

Kwa majuma matatu karatasi ile ilijaa majina kumi na moja. Katika siku hizo aliniita mara mbili nisogee karibu na kiti chake. "Nabintu, andika kwa machine ile mutu analeta. Usiandike ile anasema." Nikamjibu kwamba mashine haina mahali pa kuandika hivyo. "Basi uambie Serge aweke pahali." Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayekuonyesha kwamba umevaa blauzi ndani nje. Mimi niliporudi kwenye kiti changu niliandika kwamba caissière amejaribu kunishawishi nibadilishe hesabu. Nikikumbuka leo naona wazi kwamba alikuwa ananieleza kosa lote kwa sentensi mbili, lakini mtu aliyekwisha kuamua hasikii, hukusanya tu.

Komite ilikaa chumbani kwa Papa Norbert, wanawake watano na Serge, soda mezani. Maman Vénantie aliachwa amesimama. Papa Norbert aliisoma karatasi yangu kwa sauti, kisha akaondoa miwani.

"Maman Vénantie, uliambia batu 'dola ya mudomo', ao haukuambia?"

"Niliambia."

"Na ule maman wa Kalehe ulimupa trente mille, machine inasema trente-sept mille cinq cents?"

"Nilimupa ile alileta. Papa, hapa hakuna mwizi. Machine inaandika ile ya mudomo. Franga inalala mu sanduku, dola inapanda, Jumamosi machine inasema tumekosa. Batu banaleta franga, muwarudishie franga. Banaleta dola, muwarudishie dola. Njo vile tulifanyaka miaka yote."

Serge akacheka. "Machine haikosake hesabu, maman. Batu njo banakosa." Na katika kugawa alikuwa sahihi, mashine haikuwahi kukosea kugawa.

"Nabintu," akasema Papa Norbert. "Uliyasikia na masikio yako?"

"Niliyasikia."

Maman Vénantie alinigeukia. Nilitegemea hasira, nikaona ananitazama vile alivyokuwa akitazama noti iliyochanika, akipima kama inaweza kutumika bado. Kisha akaweka ufunguo wake mezani na daftari juu yake. Hawakumpeleka polisi, mwenyekiti alisema inatosha aende. Kabla ya jua kuzama soko lote la Kadutu lilijua kwamba mama wa dirishani amekula akiba za watu, na wauza maharage walikuwa wanasimuliana jinsi alivyowatenganishia wajinga mdomo na mkono.

Mimi nikapewa ufunguo wake na dirisha lake, kwa muda, pamoja na mashine. Jumamosi ya kwanza zilikosekana dola kumi na nne zaidi. Mkono uliogusa noti sasa ulikuwa wangu peke yangu. Sijui kama mnajua ilivyo kwa mtu mshuku kugeuka mshukiwa. Nilimshuku Serge na viatu vyake. Nilimshuku Papa Norbert, nikamshuku mwenyekiti, nikamshuku hadi fundi wa kufuli. Nilianza kuhesabu kila rundo mara nne, midomo ikicheza, na sikuweza kula mchana.

Kisha ikaja ville morte. Juma zima mji ulifunga milango kwa mgomo, maduka kimya, barabara tupu, hata wauza mandazi hawakutoka. Jumamosi iliyotangulia tulikuwa tumehesabu sanduku noti kwa noti mbele ya komite na kulipiga kufuli tatu. Jumamosi iliyofuata tukafungua. Kufuli nzima. Tukahesabu: kila dola ilikuwepo, kila franga ilikuwepo, hata ile noti ya mia iliyobandikwa kwa plasta. Nikaingiza taux mpya. Mashine ikasema zinakosekana dola kumi na tisa.

Papa Norbert alikwenda kunawa uso. Mimi nilibaki nimekaa sakafuni kando ya sanduku. Hakuna mtu aliyeingia, hakuna noti iliyotoka, na tumeibiwa. Ndipo nikamkumbuka mama wa Kalehe, nikachukua kalamu. Franga elfu thelathini dola ikiwa mia sita ni dola hamsini. Franga zilezile dola ikiwa mia saba na hamsini ni dola arobaini. Mashine iliandika hamsini siku ya kwanza na haikukumbuka kwamba zilikuwa franga, kwa hiyo ilidai hamsini milele. Dola kumi zile hakuna aliyeziiba, kwa sababu zilikuwa maneno tu. Nililia pale sakafuni, na nisijisifu: sikulia kwa ajili ya Maman Vénantie. Nililia kwa sababu nilikuwa nimenusurika.

Kesho yake baada ya misa nilipanda hadi kwake, mtaa wa Cimpunda. Nilimkuta mbele ya mlango anachambua maharage kwenye ungo, ya kuuza. Alinipa kiti, yeye akakaa kwenye jiwe. Nilimweleza yote, na karatasi yenye hesabu, na alinisikiliza hadi mwisho bila kuacha kuchambua.

"Njo vile nilisemaka," akasema.

"Lakini maman, haukueleza muzuri." Ndiyo, nilisema hivyo. Nimeyaandika kama yalivyotoka.

"Nilieleza na Kiswahili, Nabintu. Ulitaka nieleze na luga gani? Bamama bote ba dirishani balisikia. Ni weye tu ulikuwa unaandika."

"Nitaambia komite. Jumatatu. Ninaapa."

"Ambia." Alitupa kokoto chini. "Lakini komite hainitukanake. Ni soko njo inanitukana. Mutoto yangu anatumwa chumvi, banamuuliza kama ni ya franga ya coopérative. Ambia na soko."

Nikamwahidi na hilo pia. Akaingia ndani akaniletea bugali na maharage, sahani nzima, na safari hii yeye hakula.

Komite niliiambia, kweli. Serge kwa siku mbili akaongeza safu mbili kwenye daftari la mashine: moja ya aina ya pesa, dola au franga, moja ya taux ya siku ile. Tangu hapo kila akiba ilikaa kama ilivyoletwa, na kugeuza kulifanywa tu pale mtu alipotaka kuona. Za nyuma tulizirekebisha kwa kufuata daftari la shule la Maman Vénantie, ambalo Papa Norbert alikuwa amelifungia kama ushahidi. Kurasa zake hazikuwa na kosa hata moja. Jumamosi ile sanduku na mashine vikalingana hadi franga ya mwisho, mwenyekiti akapiga vigelegele, halafu akauliza, "Sasa tumurudishe maman?"

Papa Norbert alikuna shingo. "Tukimurudisha, batu batauliza juu ya nini tulimufukuza. Tukisema machine ilikosa, kesho bote bako hapa kutoa feza yao. Sanduku itakufa." Akanigeukia. "Na Nabintu ameshazoea ile kiti. Ao vipi, Nabintu?"

Wote walinitazama. Nilifikiria kodi ya chumba changu, na kwamba mshahara wa caissière ulikuwa karibu mara mbili ya wangu. Nilifikiria pia ungo wa maharage, sikatai. Nikasema ndiyo, nimezoea. Nilikikalia kiti kile miaka kumi na mitatu, na watu husema sikuwahi kukosea.

Mwisho wa mwaka, siku ya soko, Maman Vénantie alipanda ngazi yetu kufunga akiba yake. Alipanga mstari kama kila mtu. Nyuma yake walikuwa wanawake sita, wote wa Kadutu, na walipomwona waligusana kwa viwiko. Nilifungua jina lake: dola mia moja na ishirini, franga elfu arobaini, kila moja kwenye safu yake. Nikatoa, nikahesabu mbele yake, nikasukuma chini ya vyuma. Hapa kwetu hakuna anayeondoka dirishani bila kuhesabu. Watu huinua kila dola kwenye mwanga, hutafuta mchaniko, hugeuza, huhesabu tena, maana dola iliyochanika hakuna atakayeipokea. Yeye alizikunja zote bila kuzitazama, akazifunga kwenye pindo la kitenge.

"Maman, uhesabu kwanza," nikasema. Mungu anisamehe, nilishuku kwamba atarudi kesho aseme nilimpunguzia.

"Kuhesabu ni ya mutu mwenye anashuku," akajibu. "Miye sina ile ugonjwa."

Alibaki amesimama kidogo, mkono juu ya fundo la kitenge, ananingoja. Wale wanawake sita walikuwa wametega masikio, na soko lote lilikuwa ndani ya masikio hayo. Nilijua anangoja nini. Maneno yalikuwa matatu tu, huyu mama hakuiba, na yalinifika kooni.

"Mwengine akuye," nikamwita wa nyuma yake.